Hii abstrakti ilianzaje na nani alianza? Mteja kaniweka njia panda

Mzee wa Brashi:

Wakuu kwema? Mimi ni mchora mabango, nipo Mwanza, naandika maduka, mageti, mashine za kusaga, mitumbwi, na zile picha za ukutani kwenye saluni za kiume, kwa hiyo brashi naishika, mwaka wa 17 huu. Juzi kaja jamaa anamalizia lodge yake anataka picha 3 za pale mapokezi, kubwa kubwa, nikamwambia bosi nakupa simba, au machweo ya ziwani na mitumbwi, au jiwe la Bismarck, chagua. Akacheka. Akasema simba wamejaa kila lodge, yeye anataka abstrakti. Nikajibu sawa bosi hamna shida, kama mtu anayejua anachokubali, na advansi nikapokea.

Nimefika nyumbani kijana wangu wa fomu three akanifungulia kwenye simu, ya kwanza kutokea ni mraba mweusi. Mraba mweusi tu kwenye nyeupe basi. Nikamwambia teremka chini, ikaja nyingine mistari myeusi na viboksi vyekundu na njano kama vigae vya bafuni, ya tatu ni kama mtu kamwaga makopo ya rangi akiwa anagombana na mkewe. Sasa sicheki kazi ya mtu, ila nimejaribu mwenyewe kwenye plaiwudi siku 4 na wakuu niwaambie ukweli NI NGUMU. Kila nikichora kitu kinakuja chenyewe. Napiga mstari mnene wa bluu chini, nakuta ni ziwa. Naweka duara la njano, tayari ni jua. Naweka kijialama cheusi pembeni ili kuvunja, kimekuwa mtumbwi! Yaani nimechora machweo ya ziwani bila kutaka, mara 3. Mke wangu kapita akasema hii si ile ya siku zote?

Maswali yangu: nani alianza haya mambo, aliamkaje asubuhi akaamua kuacha kuchora vitu? Na mtu anajuaje imeisha, maana simba nikimaliza sharubu najua nimemaliza. Nawasilisha.

Kipara Ngoto:

Mzee wangu huo ni utapeli wa wazungu tu usijitese. Paka nyeusi zote tatu, mwambie ya kwanza inaitwa Huzuni, ya pili Matumaini, ya tatu Huzuni Inarudi, chukua hela yako. Ngoja waje wasomi wakuzungushe.

Ticha wa Rangi:

Mzee wa Brashi heshima yako. Mimi nafundisha sanaa chuo cha ualimu na hilo la ziwa kuja lenyewe nimelipenda kuliko maswali yote niliyowahi kuulizwa darasani, maana hao walioanza lilikuwa linawasumbua hivohivo, nitalirudia chini.

Kwanza jina, Kiswahili chake tunasema sanaa dhahania, lakini mteja wako ukimwambia dhahania atadhani unampandishia bei, kaa na abstrakti.

Hakuna aliyeamka asubuhi akaacha. Waliteremka ngazi mojamoja miaka kama 70. Kamera ilitangazwa Paris mwaka 1839, na wewe unajua maana yake kibiashara, mtu aliyekuwa anakula kwa kuchora sura za matajiri ghafla kuna kisanduku kinafanya ile kazi haraka na kwa bei chee (kama wewe mashine za kuprinti mabango zilivyokuingilia, usibishe). Wengine walikufa njaa, wengine wakaanza kujiuliza, kama kufananisha kunafanywa na mashine, brashi ibaki na nini? Ikabaki na rangi yenyewe. Monet, mchoraji Mfaransa, akawa anachora rundo lilelile la nyasi kavu shambani, asubuhi, jioni, kwenye theluji, na kinachobadilika ni mwanga tu.

Sasa picha mojawapo ya hayo marundo ikapelekwa maonyesho Moscow, 1896, na akaingia mwanasheria mmoja anaitwa Wassily Kandinsky. Kaandika mwenyewe baadaye, kwamba alisimama mbele ya ile picha hakujua ni picha ya nini mpaka aliposoma katalogi kwamba ni rundo la nyasi, akaudhika, akaona mchoraji hana haki ya kuchora kitu kisichoeleweka, halafu akaondoka na ile picha ikagoma kumtoka kichwani. Alikuwa na miaka 30, ameshapewa nafasi ya kufundisha sheria chuo kikuu. Akaikataa akaenda Munich kuanza kusoma kuchora. Hebu fikiria kwao walivyomwelewa.

Huko Munich ndo kuna kisa cha jioni. Anarudi kutoka kuchora nje, giza linaanza kuingia, anafungua mlango wa studio yake anakuta picha nzuri sana imeegemea ukutani, haelewi ni ya nini, anaona rangi na maumbo tu. Akasogea. Kumbe ni yake mwenyewe, imelala ubavu. Watu wakisimulia huwa wanaishia hapo, lakini yeye anaendelea, anasema kesho yake mchana alijaribu kuirudisha ile hali akashindwa, hata akiilaza ubavu bado aliviona vitu vilivyomo. Hilo ndo ziwa lako mzee! Na hakulimaliza haraka, ukiziangalia picha zake za 1911 mpaka 1913, zile watu wanasema hazina kitu, ukikaa nazo utaona mpanda farasi, mlima wenye nyumba juu, mashua na makasia yake vistari vyeusi. Alikuwa anavifunika kidogokidogo. Kitabu chake cha nadharia kilitoka mwishoni mwa 1911 na humo anaonya kwamba ukikata kamba na vitu kwa mara moja utaishia kuchora mapambo ya tai na zulia. Aliogopa zulia kama unavyoogopa machweo.

Kwa mazoezi yako mimi nisingekupeleka kwa Kandinsky, ningekupeleka kwa Piet Mondrian, Mholanzi, yule wa vigae vyako vya bafuni. Mwambie kijana akutafutie picha zake 3 za miti uziweke pamoja. Ule mti mwekundu alioanza 1908, mti wa kijivu wa 1911, na mtofaa uliochanua wa 1912. Wa kwanza ni mti kabisa, matawi yamepinda mpaka chini, mwekundu juu ya bluu. Wa pili matawi yameshakuwa mapinde, na nafasi kati ya tawi na tawi imepakwa nzito sawa na tawi lenyewe, hapo angalia vizuri maana hapo ndipo kila kitu kinapotokea, hewa imekuwa na uzito sawa na mti. Wa tatu kimebaki kitu kama majani ya visu yamepishana, bila kuambiwa huwezi kusema mti. Kati ya wa kwanza na wa tatu alikutana na kazi za wachoraji kina Picasso na Braque, kubizimu (kukivunja kitu vipande vya pembepembe na kukionyesha pande nyingi kwa pamoja), akahamia Paris. Baada ya hapo mapinde yakanyooka, 1915 anachora bahari na gati kwa vialama vya kujumlisha na kutoa tu, kufika miaka ya 1920 ni mistari wima na mlalo, nyekundu, bluu na njano. Kutoka mti mpaka kigae ni miaka kama 12 ya kuondoa.

Na wewe mtu wa mistari, siku ukipata picha yake kubwa nzuri angalia ile nyeupe. Haijapakwa kama ukuta. Brashi imeenda wima kwenye boksi moja, mlalo kwenye boksi jingine, na mistari myeusi minene yake haifanani, mingine inakoma kabla ya kufika ukingoni. Fundi wa maski-tepu na rola hawezi kutoa kitu hicho.

Kwa hiyo kuhusu nani alianza, kitabuni mtakuta Kandinsky, picha yake ya rangi ya maji ya 1910. Basi.

Dada wa Majuu:

Ticha samahani sana kaka yangu, umefundisha vizuri ila hilo la mwisho umeliwahisha 😄 Mimi niko Stockholm mwaka wa 9, nafanya kazi za usafi na siku za mapumziko naingia makumbusho maana kuna joto na hakuna anayekusumbua. Hiyo rangi ya maji ya 1910, tarehe aliandika Kandinsky mwenyewe, na wataalamu wengi wanasema aliiandika baadaye, picha inaonekana ni ya 1913, alikuwa anafanyia mazoezi picha yake kubwa ya mwaka huo. Na mwaka 1935 alimwandikia mwuza picha wake Marekani kwamba picha ya kwanza kabisa ya abstrakti duniani ni yake ya 1911, ile yenye duara, ameiacha Urusi. Yaani mtu mzima anahangaika na stakabadhi za nani alifika wa kwanza.

Sasa wakati anaandika hivo, hapa Sweden kulikuwa na bibi mmoja wa miaka 70 na kitu anaitwa Hilma af Klint, ana shehena ya abstrakti ndani, alianza 1906. Na waliojua ni watu wachache sana.

Huyu alisoma chuo cha sanaa cha kifalme hapahapa, akamaliza 1887, akawa anaishi kwa kuchora mandhari, sura za watu na mimea, maua yake ukiyaona unaweza kuyanusa. Pembeni ana kikundi cha wanawake watano wanakutana kila wiki wanasali, wanakaa kimya, wanaongea na roho (ndiyo, mizimu, msinicheke, zama zile Ulaya nzima ilikuwa hivo, eksrei ilikuwa imegunduliwa 1895 watu wameona mifupa ndani ya mkono wa mtu aliye hai, sasa nani angewaambia hakuna yasiyoonekana?). Roho zikamwagiza achore picha za hekalu. Wenzake waliogopa, yeye akakubali. Mwaka 1907 akachora kumi kubwa, kila moja zaidi ya mita 3 kwenda juu, kwenye karatasi, kwa tempera (rangi ya kuchanganya na yai), nyingi zinasemekana alizichora zikiwa sakafuni, na zote kumi kama siku 40 hivi. Zinahusu umri wa mtu, utoto mpaka uzee. Za utoto ni bluu, za ujana ni chungwa, nimesimama chini ya moja nikajiona niko chini ya shuka limeanikwa. Kuna mizunguko kama konokono, maua, maandishi ya mkono yanayojipinda, na ukisogea karibu unaona karatasi zilivyoungwa na mahali rangi ilipochuruzika akaiacha.

Akafika kazi 193 kwa ajili ya hilo hekalu, alimaliza 1915, katikati akasimama miaka 4 maana mama yake alipofuka akawa anamuuguza. Hekalu halikujengwa. Alikufa 1944 baada ya ajali wakati wa kushuka tramu, mwaka huohuo wakafa Kandinsky na Mondrian, wote watatu mwaka mmoja. Akamwachia mtoto wa kaka yake zaidi ya kazi 1,200 na madaftari kurasa kama 26,000, na kuagiza zisionyeshwe miaka 20. Hadhira kubwa ilikuja kuziona mara ya kwanza Los Angeles 1986. Na zilipopelekwa makumbusho ya Guggenheim New York 2018 waliingia watu zaidi ya 600,000, rekodi ya jengo lile. Kitu nilichokipenda ni kwamba lile jengo ni la mzunguko kama konokono, na hekalu alilokuwa analiota lilikuwa na ngazi ya mzunguko.

Kuna mwingine simtaji kwa urefu, Sonia Delaunay, 1911 kamshonea mwanae mchanga blanketi la viraka kama wanavyoshona wanawake wa vijijini kwao Ukraine na Urusi, akaliangalia, akaona hii ni kubizimu, yeye na mumewe wakaendelea kutokea hapo. Blanketi la mtoto sasa liko makumbusho Paris.

Ticha wa Rangi:

Dada nimepokea, na rangi ya maji naiondoa. Ila niweke neno, wapo wanaobisha kwamba ya Hilma si abstrakti, kwa sababu kwake kila kitu kina maana, bluu ni mwanamke, njano ni mwanamume, zile ni kama ramani za ulimwengu wa roho. Makumbusho ya MoMA New York walifanya maonyesho makubwa ya kuzaliwa kwa abstrakti mwaka 2012 na hawakumweka kabisa. Mimi hoja hiyo siioni vizuri maana Kandinsky na Mondrian nao walikuwa wamezama thiosofia (imani ya kutafuta siri za ulimwengu wa roho), Mondrian alijiunga na chama chao 1909, na wao rangi zilikuwa na maana za kiroho. Ukimtoa bibi kwa kosa hilo inabidi uwatoe na wajomba. Na kwa waliopeleka hadharani, Paris ilishtuka 1912 na Kupka, mchoraji Mcheki, ambaye ujanani alishawahi kula kwa kazi ya kupandisha mizimu. Naye!

Kipara Ngoto:

Sawa bibi nimemwelewa, kuna kazi pale. Nielezeni ule mraba mweusi sasa. Nasubiri hapa na karanga zangu.

Ticha wa Rangi:

Kipara leta karanga.

Kazimir Malevich, mzaliwa wa Kiev, wazazi wake Wapolandi. Desemba 1915 Petrograd (St. Petersburg ya leo), ni vita vya kwanza vya dunia, mkate shida, wao wanafungua maonyesho. Ule mraba hakuutundika ukutani kama picha nyingine, aliuweka juu kabisa kwenye kona, pembe ya kuta mbili na dari. Mrusi yeyote akiingia pale anaelewa, kila nyumba ya Orthodoksi kona ile ndo ya ikoni, sura ya Kristo au Mama Maria, ukiingia unaielekea unafanya ishara ya msalaba. Kwa hiyo mtu anageuka kwenye kona kwa mazoea anakutana na nyeusi. Ndo maana nakwambia kuuona kwenye simu ni kama kusikiliza kaswida bila sauti.

Halafu siyo mraba. Picha yenyewe ni ndogo tu, sentimita 79.5 kila upande, na ile nyeusi haina pembe hata moja iliyo sawasawa, kaipiga kwa jicho. Na imepasuka pasuka kama udongo wa bwawa kiangazi, kwenye nyufa unaona rangi nyingine chini, nyekundu nyekundu, kijani. Makumbusho ya Tretyakov Moscow walipopiga eksrei, 2015, wakakuta chini kuna picha mbili za rangi. Alipaka nyeusi juu ya picha ambayo haijakauka sawasawa. Na kuhusu stakabadhi dada asikie, huyu naye aliurudisha nyuma, akauandikia 1913, kwa sababu mwaka ule alichora mapazia ya mchezo wa jukwaani na kwenye pazia mojawapo kulikuwa na mraba, akaona ulizaliwa pale.

Alikufa 1935, wakaubeba kwenye mazishi yake, mmoja umechorwa mbele ya gari la jeneza. Serikali ya Stalin wakati huo inataka wakulima wenye afya na matrekta, mraba ukakaa stoo miongo kadhaa. Hitler kwa upande wake kawakusanya kina Kandinsky 1937 Munich kwenye maonyesho ya kuwazomea, sanaa iliyooza alivyoiita. Mtu anayesema ni rangi zisizo na kitu ajiulize kwa nini hao wawili hawakulala usingizi.

Jirani wa Nairobi:

Nimependa hii mada. Naongeza upande wa Amerika maana Hitler aliwafukuza wengi na wengine wakaishia New York, Mondrian mwenyewe alifika 1940 akapenda jazi sana, akaacha hata ile mistari myeusi akachora barabara za Manhattan kwa vijisanduku vya njano. Yule wa kumwaga rangi kwenye simu ya kijana ni Jackson Pollock. Na Mzee wa Brashi huyo ni ndugu yako wa kazi kabisa, alikuwa anatumia rangi za mafuta za kawaida za kupaka nyumba na magari, zile zako za geti! Kuanzia 1947 anatandika kitambaa chini kwenye banda la mbao, anazunguka pande zote nne, anachuruzisha kwa kijiti na brashi iliyokakamaa, haigusi picha. Watu hudhani ni bahati nasibu lakini rangi ya geti ukiipunguza na thina zaidi inatoka uzi mwembamba, ukipunguza kidogo inatoka kamba, huyu jamaa alijua uzito wa kopo kama mama anavyojua uji.

Halafu ikaingia siasa, vita baridi, Moscow wana wakulima wenye matrekta, Washington wakaona tutaonyesha kwamba kwetu mtu anamwaga rangi anavyotaka na hafungwi. CIA, majasusi wa Marekani, walikuwa wanapitisha pesa kwa shirika moja la utamaduni ambalo miongoni mwa mambo mengine lilisaidia maonyesho Ulaya, ilikuja kufichuka 1966 na 67. Wachoraji wengi hawakujua. Si kwamba CIA ndo walianzisha abstrakti, nimeshaona watu wakisema hivo na ni uongo, ilikuwa na miaka 40 tayari.

Suka wa Rusumo:

Mimi ni dereva wa lori, Dar Kigali, sijasoma sanaa. Ila mkivuka pale Rusumo mkaingia Rwanda, kabla ya kufika mbali kuna Nyakarambi, akina mama wanatengeneza imigongo, mbao zimetundikwa nje barabarani. Zigizaga, maumbo ya almasi, mizunguko, hasa nyeusi nyeupe na nyekundu, hamna mtu wala ng'ombe. Ng'ombe yupo kwenye malighafi, ni mavi ya ng'ombe na majivu, wanayafinyanga kwa vidole kwenye ubao yanakuwa matuta, yakikauka wanasugua halafu wanapaka rangi ya udongo. Zamani ilikuwa kuta za ndani za nyumba, eneo lile la Gisaka, wanasema aliyeanza ni mtoto wa mfalme anaitwa Kakira. Sasa hiyo kabla ya huyo bibi wa Sweden na wajomba zake, mbona hamuitaji?

Ticha wa Rangi:

Suka umepiga penyewe. Jibu la darasani ni kwamba ile wanaiita pambo, ya kina Mondrian wanaiita sanaa, kwa sababu hawa walikataa kufananisha baada ya miaka mia kadhaa ya kufananisha, wakati akina mama wa Gisaka hakuna mtu aliyewalazimisha kufananisha kwanza. Mimi jibu hilo nalifundisha kwa sababu lipo kwenye mtihani. Maana Kandinsky mwenyewe hofu yake ilikuwa zulia, Sonia katokea kwenye blanketi, Picasso kabadilika baada ya kuingia makumbusho ya Trocadéro 1907 akaona vinyago vya Afrika na kubizimu ndo kikampa Mondrian mapinde yake (ingawa Picasso mwenyewe alikataa kufika abstrakti kamili mpaka kufa). Matisse, mchoraji Mfaransa, alikuwa na vitambaa vya kabila la Wakuba wa Kasai, Kongo, vile vya nyuzi za mwale (rafia) vyenye mistari inayovunjika, kavitundika ukutani anaviangalia miaka na miaka. Waliotengeneza majina yao hayapo popote. Hapo ndo shida yangu na hizo stakabadhi za nani wa kwanza.

Dada wa Majuu:

Na hakuna aliyemwuliza Kakira aliandika tarehe gani kwa nyuma 😄

Mzee wa Brashi:

Wakuu nimerudi, wiki 3 zimepita. Nimefanya ile ya miti ya Mholanzi, mimi nikachukua mtumbwi maana ndo nnaoujua. Ubao wa kwanza mtumbwi kabisa na tanga lake. Wa pili nikaacha tanga na ubavu, nikapaka maji mazito sawa na mbao kama Ticha alivosema, hapo mkono ukakataa siku nzima, miaka 17 umezoea maji ni ya kupaka mwisho mwisho. Wa tatu yamebaki mapinde mawili na pembe moja, njano na kijani, chini nyeusi. Nikaulaza ubavu jioni taa zimezimwa nikatoka nje nikarudi ndani kama yule mwanasheria, nikauona mtumbwi. Nikaongeza nyeusi. Mke wangu kaangalia muda kidogo akasema hii sijui ni nini lakini usiiguse, basi nikajua imeisha.

Mteja kachukua zote 3, katundika kwa mpangilio, wa kwanza kushoto. Kaniambia ule wa tatu nimpunguzie bei maana hauna mtumbwi. Nimekataa.

Ila Ticha nina shida moja, ule wa tatu nyeusi imeanza kupasuka, vistari vyembamba, na njano inachungulia chini. Jamaa hajaona bado. Nifanyeje?

Ticha wa Rangi:

Njano ulisubiri siku ngapi ndo ukapaka nyeusi?

Mzee wa Brashi:

Usiku mmoja. Ilikuwa rangi ya geti.

Kipara Ngoto:

Mpandishie bei.